Nane Tano za Singapore

Kosa la kwanza halikuwa la Nick Leeson. Kwa maelezo aliyoyaandika baadaye, Julai 1992 msichana mmoja aliyekuwa mgeni kazini katika ofisi ya benki ya Barings huko Singapore alipokea agizo la mteja la kununua mikataba 20 inayofuata bei za hisa za Japani. Yeye akauza. Bei ikapanda, na kosa lilipoonekana wakati wa kulinganisha vitabu, lilikuwa limeshagharimu pauni 20,000 hivi. Mwaka ule Barings ilikuwa imetimiza miaka 230. Ilishiriki kutafuta fedha ambazo Marekani ilizitumia kulinunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803, na Malkia wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wateja wake. Kwa benki ya namna hiyo, pauni 20,000 ni hasara ya kuudhi, ya kuandikiwa barua ya onyo, pengine ya kumpotezea msichana ajira. Si hasara ya kuiangusha benki.

Leeson alikuwa na miaka 25, na ndiye aliyekuwa bosi wa msichana huyo. Angeweza kupiga simu London akasema: leo tumekosea, hasara ni hii, naomba maelekezo. Badala yake aliichukua hasara ile akaiandika katika akaunti namba 88888, iliyofunguliwa mwezi huohuo kwa ajili ya kuhifadhi makosa madogomadogo ya kila siku. Miaka miwili na miezi saba baadaye akaunti hiyo ilikuwa na shimo la pauni milioni 827, na Barings haikuwepo tena kama benki inayojitegemea.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mlafi aliyeiibia benki yake. Ikisimuliwa hivyo, kila msomaji asiye mlafi hujiona yuko salama. Mimi naisimulia kwa kijana mwaminifu anayeanza kazi na kwa wale wanaomwongoza, kwa sababu hao ndio iliowapata. Kilichomfanya Leeson afiche hasara ya kwanza hakikuwa tamaa ya fedha. Ilikuwa aibu, pamoja na huruma kwa mtu wa chini yake, pamoja na hamu ya kuonekana kwamba ofisi aliyokabidhiwa inaenda vizuri. Hayo matatu yapo katika kila ofisi ninayoijua.

Leeson alizaliwa mwaka 1967 Watford, mji ulio kaskazini kidogo ya London, mtoto wa fundi wa lipu. Hakwenda chuo kikuu. Alifeli mtihani wa hisabati wa kumalizia shule. Aliingia katika kazi za benki akiwa kijana mbichi, kwanza Coutts, kisha Morgan Stanley, na mwaka 1989 Barings, wakati wote akiwa upande wa karatasi: idara zinazohakikisha kwamba kilichouzwa kimelipwa, kilichonunuliwa kimepokelewa, na vitabu vya pande zote mbili vinasema jambo moja.

Kazi iliyomtoa ilikuwa Jakarta. Barings ilikuwa imewauzia wateja hisa nyingi za Indonesia, lakini hati za hisa zilichelewa, zikachanganyika, nyingine zikawa na majina au idadi isiyolingana na mauzo. Wateja walikataa kulipia hati ambazo hawajazipokea, au zenye kasoro. Fedha iliyokwama ilikuwa kama pauni milioni 100. Leeson alipelekwa huko, akakaa karibu miezi kumi akichambua hati moja baada ya nyingine, akimtafuta mwenye hati, akiisahihisha, akiipeleka, akidai malipo. Lisa, ambaye baadaye alimwoa, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa benki waliopelekwa kusaidia. Waliposafisha mlundikano ule, fedha ya benki ikarudi.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa Jakarta, kwa sababu wasimulizi wengi hupita haraka. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya. Iliokoa fedha halisi ya watu halisi. Ilihitaji subira, kumbukumbu na jicho la kuona tofauti ndogo, na vyote alikuwa navyo. Kila jioni alijua alichokimaliza, na mtu yeyote angeweza kuifungua kazi yake na kuikagua bila yeye kutokwa jasho. Watu wengi hutafuta kuridhika kazini katika cheo, katika gari, katika kutajwa mikutanoni. Kuridhika ninakokuamini mimi kunafanana zaidi na jioni zile za Jakarta: unafunga daftari ukijua kwamba kilichomo ndani ndicho kilichotokea. Lakini kazi ya karatasi haipigiwi makofi. Waliopigiwa makofi Barings, na waliolipwa marupurupu makubwa ya mwisho wa mwaka, walikuwa wanunuzi na wauzaji wa sokoni. Kijana yule alitaka kuwa mmoja wao, na mabosi waliomsifu kwa kazi ya Jakarta hawakupata zawadi nyingine ya kumpa ila kumtoa katika kazi aliyoiweza.

Mwaka 1992 alipelekwa Singapore kuendesha tawi dogo la benki katika soko la SIMEX, ambako watu hununua na kuuza mikataba ya bei ya baadaye. Mkataba wa namna hii ni ahadi ya kununua au kuuza kitu kwa bei inayowekwa leo, siku ya kutekeleza ikiwa mbele. Ukishikilia ahadi nyingi za kununua na bei ikashuka, soko hukudai dhamana ya fedha taslimu siku hiyohiyo, hata kama hujauza chochote. Kumbuka dai hilo la kila siku, maana ndilo lililokuja kuimaliza benki.

Alipofika Singapore, Leeson alipewa mambo mawili ambayo hayapaswi kukaa mikononi mwa mtu mmoja. Alikuwa mkuu wa wanaonunua na kuuza ukumbini, na pia mkuu wa makarani wanaoandika na kulinganisha kilichonunuliwa na kuuzwa. Yaani yeye ndiye aliyekuwa mchezaji na mwamuzi. Palikuwa pia na dalili ambayo benki iliijua: London alishindwa kupata leseni ya udalali kwa sababu katika fomu yake ya maombi alikana kwamba aliwahi kuhukumiwa na mahakama kwa deni asilolipa. Fomu ya Singapore ilipojazwa, yeye hakulitaja jambo hilo, na benki haikulitaja. Ni jambo dogo la karatasi. Lakini mtu aliyeona mara moja kwamba ukinyamaza mambo yanapita, amepata somo baya, na mwajiri wake ndiye aliyemfundisha.

Akaunti ya makosa si kitu kiovu. Kila ofisi inayoshughulika na fedha kwa haraka huihitaji, kwa kuwa mtu hukosea, na kosa sharti liwe na mahali pa kuandikwa hadi litatuliwe. Ubaya ulianza pale ambapo London ilielekeza makosa ya Singapore yapitie akaunti yake yenyewe, na 88888 ikabaki wazi bila kazi rasmi. Leeson alimwagiza fundi wa programu abadilishe mfumo ili akaunti hiyo isionekane katika taarifa nyingi zinazotumwa London kila siku. Kuanzia hapo ofisi ilikuwa na vitabu viwili. Aliichagua namba hiyo kwa kuwa Wachina huihesabu nane kuwa namba ya bahati, naye alikuwa nazo tano.

Sasa turudi kwa yule msichana. Leeson ameeleza kwamba alificha hasara ile ili asimfukuzishe kazi. Sina sababu ya kumkatalia kwamba huruma ilikuwemo. Na sisi tuliolelewa kusitiri aibu ya mwenzetu, jambo hilo linatugusa. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba anayemwanika mwenzake hadharani amefanya vibaya hata kama alichosema ni kweli. Ni malezi mema, na sitaki kuyaona yakifa. Ila yana mpaka wake, na mpaka huo ndio unaopotea kazini. Unaweza kumsitiri mtu kwa kutomtaja mbele ya wenzake, kwa kuongea naye faraghani, kwa kumtetea mbele ya mkurugenzi, kwa kukubali kwamba wewe kama msimamizi hukumfundisha vya kutosha. Hayo yote Leeson angeweza kuyafanya huku pauni 20,000 zikiandikwa mahali zinapostahili. Kilichositiriwa kwenye 88888 kilikuwa hesabu, na hesabu haina aibu ya kusitiriwa.

Nesi aliyekosea dozi ya mgonjwa, mtunza stoo aliyetoa mifuko 50 badala ya 15, afisa mikopo aliyeidhinisha mkopo bila kukagua dhamana: kila mmoja ana rafiki wa karibu anayemwambia, "Nyamaza, itajipanga yenyewe." Rafiki huyo hana nia mbaya. Anadhani anamsaidia. Lakini dozi iliyokosewa inaendelea kufanya kazi mwilini mwa mgonjwa, stoo itahesabiwa, na mkopo utaiva. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakijua kwamba ugonjwa hausubiri idhini ya mgonjwa kuendelea.

Hasara ya 88888 iliendeleaje? Leeson alijaribu kuifuta kwa kununua na kuuza zaidi, bila ruhusa, kwa fedha ya benki. Na hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo funzo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Kwa maelezo yake mwenyewe, kufikia katikati ya 1993 alifanikiwa. Akaunti iliyokuwa na hasara ya pauni milioni 6 ilirudi sifuri, hata ikawa na faida kidogo. Alikuwa amepona. Siku hiyo angeweza kuifunga 88888, kurudi nyumbani, kulala, na dunia isingejua lolote. Hakuifunga. Baada ya muda mfupi alikuwa ameirudia.

Kwa nini? Kwa sababu kosa lililofichwa likaisha salama humfundisha mtu kwamba kuficha kunafaa. Keshia aliyechukua shilingi elfu kumi za droo asubuhi akazirudisha jioni kabla ya kufunga hesabu, hakubaki mtu yuleyule wa asubuhi. Amejua njia. Mara ya pili haoni kama anavuka mstari, anaona kama anatumia njia anayoijua. Wakubwa wetu wa kazi hutuonya juu ya hasara za kuficha, lakini mara chache hutuonya juu ya mafanikio ya kuficha, na hayo ndiyo yanayoharibu mtu.

Uchunguzi uliofanywa na Benki Kuu ya Uingereza baada ya anguko ulizipanga hasara mwaka kwa mwaka. Mwisho wa 1992 ilikuwa pauni milioni 2. Mwisho wa 1993, milioni 23. Mwisho wa 1994, milioni 208. Nyongeza yote iliyobaki, zaidi ya milioni 600, iliingia ndani ya wiki nane tu za mwaka 1995.

Huku nyuma, taarifa zilizoonekana London zilikuwa za faida tupu, kwa kuwa hasara zilibaki 88888. Mwaka 1993 Leeson alionekana ameingiza karibu pauni milioni 10, sawa na asilimia 10 hivi ya faida ya benki nzima. Mshahara wake ulikuwa pauni 50,000, na kwa mwaka huo alipewa bonasi ya pauni 130,000. Mtu mmoja, katika tawi dogo, kwa biashara ambayo wakubwa wake waliamini haina hatari kubwa, analeta sehemu ya kumi ya faida. Mwenye uzoefu wa soko angeshtuka. Wakuu wengi wa Barings walikuwa watu wa benki ya zamani, hawakuielewa vizuri biashara ya mikataba, na waliona haya kuuliza maswali ya mwanafunzi kwa kijana anayewaingizia bonasi wao pia. Naiona hiyo kuwa aibu ileile iliyomkamata Leeson Julai 1992, safari hii ikiwa imekaa kwenye viti vya ngozi. Yeye aliona haya kusema "tumekosea", wao waliona haya kusema "sielewi".

Wapo waliouliza. Katikati ya 1994 wakaguzi wa ndani walikwenda Singapore na kuandika wazi kwamba si sahihi mtu mmoja kuongoza ukumbi wa soko na ofisi ya hesabu kwa pamoja, wakapendekeza majukumu hayo yatenganishwe. Ripoti ilisomwa. Utekelezaji haukufika. Wakati huohuo Singapore iliendelea kuomba fedha za dhamana ya soko, na London iliendelea kuzituma bila kuhakikisha, mteja kwa mteja, ni za nani. Kufikia mwisho zilikuwa zimepelekwa zaidi ya pauni milioni 700, kiasi kinachozidi mtaji wote wa benki.

Januari 1995 Leeson alikuwa ameuza ahadi nyingi ambazo zingemfaa iwapo soko la Japani lingetulia. Alfajiri ya Januari 17 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na kuua zaidi ya watu 6,000. Soko likaporomoka. Badala ya kukubali, alinunua mikataba mingine kwa maelfu akitarajia bei irudi juu, na kila siku ambayo haikurudi, soko lilidai dhamana zaidi. Wakaguzi wa nje nao walikuwa wameshaona pengo la yeni bilioni 7.78, zaidi ya pauni milioni 45 kwa wakati ule. Akawaambia ni deni la kampuni moja ya New York. Alipotakiwa kuleta ushahidi, alikata sahihi kwa mkasi, akaibandika kwenye barua ya kughushi, akaituma kwa faksi. Faksi ilitoka nyumbani kwake, na juu ya karatasi mashine ilichapa kwamba imetoka kwa Nick na Lisa. Wakaguzi waliipokea.

Mtazame kijana wa Jakarta yuko wapi. Mikono iliyotumia karibu miezi kumi kuzitenganisha hati sahihi na zenye kasoro, sasa inatengeneza hati ya uongo kwa mkasi na gundi. Sijui adhabu kubwa kuliko hiyo kwa mtu mwenye ustadi: kulazimika kuutumia dhidi ya kazi yenyewe.

Februari 23, 1995, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 28, aliondoka ofisini akiacha kikaratasi cha kuomba radhi. Siku tatu baadaye Barings ilitangazwa kuwa imefilisika, kisha ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni 1 pamoja na mzigo wa madeni yake. Leeson alikamatwa Frankfurt Machi 2, akarudishwa Singapore, na Desemba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Akiwa gerezani ndoa yake ilivunjika na akagundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Aliachiwa mwaka 1999, akatibiwa, akaishi. Wakuu kadhaa wa benki walipigwa marufuku kuwa wakurugenzi wa kampuni.

Anayedhani hayo ni mambo ya mtu mmoja wa ajabu na asome kilichotokea New York mwaka huohuo. Julai 1995 Toshihide Iguchi, aliyekuwa akifanya biashara ya hati fungani katika tawi la benki ya Daiwa ya Japani, alimwandikia barua rais wa benki yake akikiri kwamba ameficha hasara za dola bilioni 1.1. Alikuwa amezificha kwa zaidi ya miaka 11. Zilianza na hasara ya dola 70,000 hivi, mapema miaka ya 1980. Naye alikuwa ametokea upande wa karatasi, na naye aliachiwa asimamie ununuzi na kumbukumbu kwa pamoja. Hakuna mkaguzi aliyemkamata, alichoka mwenyewe. Miaka 11 ni maisha ya kazi ya mtu: ni watoto kuanza shule na kumaliza msingi, ni vyeo kupanda, ni sherehe za ofisi, na yote hayo ukiyapitia huku unasikiliza simu ikilia.

Ziko kazi ambazo watu wake waliamua kulishughulikia jambo hili kwa akili. Marubani wa Marekani wana mfumo ulioanza mwaka 1976, unaosimamiwa na NASA, ambapo aliyekosea angani huandika taarifa, jina lake likaondolewa, na funzo likatangazwa kwa wengine. Akiipeleka ndani ya siku kumi, na kosa likiwa si la makusudi wala la jinai, kwa kawaida mamlaka ya anga haimwadhibu kwa kosa hilo. Katika viwanda vya Toyota kuna kamba ambayo mfanyakazi wa chini kabisa huivuta akiona kasoro. Msimamizi humjia pale alipo, na kasoro isipotatuliwa, mstari wote wa uundaji husimama. Waliobuni taratibu hizo hawakuwa wapole kupita wengine. Walikuwa wamepiga hesabu wakaona kosa la saa moja ni rahisi kuliko kosa la mwaka.

Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume. Katika vituo vya mafuta na maduka mengi, upungufu wa jioni hukatwa mshahara palepale, bila kuuliza umetoka wapi. Mwenye duka hudhani anajenga uangalifu. Kijana aliyekatwa mara mbili hujifunza kuhakikisha upungufu hauonekani. Anaweza kumzidishia bei mteja asiye makini, anaweza kukopa kwa mwenzake wa zamu ya pili, anaweza kuweka akiba ya chenji za watu chini ya droo kwa ajili ya siku mbaya. Hiyo akiba ya chini ya droo ni 88888 yake. Ameifungua bila kuwa mwizi, na bosi ndiye aliyempa sababu.

Jambo jingine ni likizo. Sheria ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ya Kenya siku 21 za kazi. Bado tunawasikia wahasibu wakijivunia kwamba hawajaenda likizo miaka mitatu, na mabosi wakiwasifu kwa kujitolea. Benki nyingi duniani humlazimisha mwenye dhamana ya fedha kukaa nje ya ofisi wiki mbili mfululizo, mwenzake akae kwenye kiti chake na kufungua kila faili. Jérôme Kerviel, ambaye biashara zake za siri ziliitia benki ya Société Générale ya Ufaransa hasara ya karibu euro bilioni 4.9, iliyofichuka mwaka 2008, alikuwa mtu wa kukwepa likizo. Basi wewe nenda. Mkabidhi mwenzako madaftari yote, pamoja na lile usilopenda kuonyesha watu kwa sababu mwandiko wake ni mbaya au mahesabu yake hayajakaa sawa. Ukiona moyo unakataa kukabidhi daftari fulani, lianze hilo leo kabla ya kuondoka.

Na wengi wetu tunafanya kazi mahali padogo: SACCOS yenye makarani wawili, shule yenye mhasibu mmoja, kikundi cha akina mama ambapo mweka hazina ndiye anayepokea, anayeandika na anayepeleka benki. Kusema "tenganisha majukumu" hapo ni rahisi kuliko kutenda. Hata hivyo lipo linalowezekana. Mweka hazina anaweza kuomba mwenyewe, kwa maandishi, kwamba taarifa ya benki ya kila mwezi isifike kwake kwanza, ifike kwa katibu au kwa mwanachama mwingine, wakae nusu saa kuilinganisha na daftari. Kuomba kukaguliwa hakukushushii heshima. Kunakulinda siku fedha itakapopotea kwa njia isiyokuhusu, na kunakuondolea ule upweke wa kuwa mtu pekee anayejua.

Kuhusu namna ya kulisema kosa, nimeona vijana wakishindwa si kwa kukosa uaminifu bali kwa kukosa maneno. Wanasubiri mpaka wajue kila kitu, na kila kitu hakijulikani kamwe siku ya kwanza. Nenda kabla ya kufunga kazi. Sema kilichotokea, kiasi unachokijua hadi sasa, na ulichofanya kukizuia kisiendelee. Kisha andika hayohayo kwa barua pepe au katika daftari la matukio, kwa tarehe na saa. Usianze na sababu, usianze na nani mwingine alihusika. "Mzee, leo mchana nimeuza badala ya kununua. Hasara mpaka sasa ni pauni 20,000. Nimeshasimamisha, nahitaji ruhusa ya kurekebisha." Ni sentensi tatu. Zinauma kutamka, na huenda ukapewa onyo. Onyo lina mwisho.

Na wewe unayeambiwa, hapo ndipo tabia ya ofisi yako yote inapoamuliwa, kwa kuwa wengine wanasikiliza mlangoni, na watakachokisikia ndicho watakachokitumia siku yao ikifika. Mkaribishe akae. Mshukuru kwa kuja mapema, na umshukuru kwa dhati, maana amekuokoa. Uliza kama kosa limezuiwa lisiendelee, uliza nini kinahitajika kabla ya soko, stoo au wodi kufunguliwa tena, kisha mkalirekebishe pamoja. Swali la nani alaumiwe linaweza kusubiri hadi kesho asubuhi.